Kumbukumbu ya Java na Mchezo Unaokwama: Kwa Nini Kuongeza GB Hakuponyi Kila Ugonjwa

Kaunta ya pembeni inasoma fremu (picha) 90 kwa sekunde, kiwango cha kutosha na kusaza. Lakini kila baada ya sekunde chache picha inaganda, inaruka, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiwa unapanda ngano si neno. Ukiwa hewani juu ya ziwa la lava, mgando wa robo sekunde unatosha kukupotezea kila ulichobeba. Mchezaji wa Minecraft ya Java akiuliza dawa, jibu la kwanza huwa lilelile: ongeza RAM, pale palipoandikwa 2 weka 8. Kuna wanaopona papo hapo. Kuna wasioona tofauti yoyote. Na kuna ambao mchezo wao unakuwa mzito kuliko ulivyokuwa. Wote wamebadilisha namba ileile. Anayeelewa kwa nini matokeo yanatofautiana hivyo hatahitaji tena kunakili mistari mirefu ya amri asiyojua inafanya nini.

Namba hiyo inamhusu nani

Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, na msingi wake haujabadilika tangu hapo: programu haizungumzi na kompyuta moja kwa moja, bali huendeshwa ndani ya mashine pepe iitwayo JVM. Mashine pepe hii ndiyo inayokwenda kwa mfumo endeshi kuomba kumbukumbu, kisha inaigawa yenyewe kwa programu iliyo ndani yake. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo huitwa hipu. Humo ndimo vinamokaa vitu vyote ambavyo mchezo unavitengeneza unapokwenda: vipande vya dunia, wanyama, masanduku na yaliyomo, orodha za mahesabu.

Kigezo `-Xmx` huweka dari ya hipu. `-Xmx2G` maana yake ni kwamba hipu isizidi GB 2, hata kama kompyuta ina GB 64. Kigezo mwenzake, `-Xms`, hutaja ukubwa wa kuanzia. Usipotaja dari, JVM kwa kawaida hujiwekea robo ya RAM yote ya kompyuta. Kizinduzi rasmi cha Minecraft, hata hivyo, hakikuacha jambo hilo kwa JVM. Kwa miaka mingi kiliweka `-Xmx2G` kwa kila mtu. Ndiyo sababu ushauri wa kuongeza RAM ulienea. Mwenye kompyuta ya GB 16 na modi (nyongeza za mchezo zinazotengenezwa na wachezaji) mia moja alikuwa anabanwa ndani ya GB 2 huku nyingine zikilala bure, na kwake yeye kubadilisha namba moja kulikuwa ukombozi wa kweli.

Haya yote yanahusu toleo la Java tu. Bedrock, linalochezwa kwenye simu na konsoli, liliandikwa kwa C++ na halina mipangilio ya namna hii.

Taka zinatoka wapi

Kwenye lugha kama C, mwandishi wa programu akishaomba nafasi ya kumbukumbu ni juu yake kuirudisha. Kwenye Java hairudishi. Anatengeneza kitu, anakitumia, anakiacha hapohapo, na JVM ina mzoa taka wake anayepita kutafuta vitu visivyoshikwa tena na chochote ili nafasi yao itumike upya. Wazo hilo ni kongwe kuliko Java yenyewe: John McCarthy alilibuni kwa ajili ya lugha ya Lisp mnamo mwaka 1959.

Mchezo huu unazalisha taka kwa wingi wa kutisha. Dunia yake huenda kwa mapigo 20 kila sekunde, yaani mpigo mmoja kila milisekunde 50, na katika kila mpigo kila ng'ombe anatafuta njia, kila mmea unajikagua, kila maji yanayotiririka yanauliza jirani ni nini. Juu ya hapo kuna uchoraji wa fremu. Kila swali kati ya hayo linaweza kutengeneza vitu vidogo vinavyoishi chini ya kufumba na kufumbua. Toleo la 1.8, lililotoka mwaka 2014, lilijulikana sana kwa hili. Badala ya kupitisha namba tatu tupu za mahali bloku ilipo, msimbo ulianza kupitisha kitu kimoja kiitwacho `BlockPos`. Ni usafi mzuri kwa mwandishi wa msimbo, lakini kila kimoja ni taka mpya.

Bonyeza F3 ukiwa ndani ya mchezo utaona haya kwa macho. Juu kulia kuna mstari wa kumbukumbu wenye asilimia na MB. Asilimia hiyo inapanda, inapanda, kisha inaanguka ghafla na kuanza kupanda tena. Ukiichora kwenye karatasi utapata meno ya msumeno. Wengi huiona ikifika 80 wakadhani kumbukumbu imekaribia kwisha. Haijakaribia. Mzoa taka hana sababu ya kupita wakati bado kuna nafasi, kwa hiyo kupanda huko ndiyo kazi yake ya kawaida. Kinachofaa kutazamwa ni mahali namba inapoangukia, nasi tutarudi hapo.

Sasa, kwa nini kuzoa taka kunagandisha picha? Kwa sababu katika hatua fulani za kazi hiyo JVM husimamisha nyuzi zote za programu, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, ili vitu visihamehame vikiwa vinahesabiwa. Na kwa kuwa tangu toleo la 1.3 la mwaka 2012 hata anayecheza peke yake huendesha seva ndogo, yaani programu inayoiendesha dunia, ndani ya JVM hiyohiyo, dunia na picha husimama kwa pamoja.

Hesabu ya muda ndiyo inayoamua kama utaona kitu au la. Kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 16.7. Kusimama kwa milisekunde 8 kunaweza kupita bila jicho kushtuka. Kusimama kwa milisekunde 50 kunakula fremu tatu nzima, na hapo ndipo mkono unapohisi kipanya kimenasa. Wastani wa fremu kwa sekunde hauonyeshi chochote, maana fremu tatu kati ya 60 hazishushi wastani sana.

Vijana na wazee ndani ya hipu

Mzoa taka wa Java hatendei vitu vyote sawa. Wahandisi waligundua zamani kwamba vitu vingi hufa vikiwa vichanga, na vile vichache vinavyopita umri huo huelekea kuishi muda mrefu. Kwa hiyo hipu hugawanywa: eneo la vijana, ambako kila kitu kipya huzaliwa, na eneo la wazee, ambako walionusurika mizunguko kadhaa ya uzoaji huhamishiwa.

Kuna jambo hapa ambalo likieleweka, nusu ya upotoshaji unaosambaa kuhusu RAM inakufa. Uzoaji wa eneo la vijana haufanyi kazi kwa kuokota taka. Hufanya kinyume: hunakili vitu vilivyo hai kwenda mahali pengine, kisha eneo zima lililobaki hutangazwa kuwa tupu. Gharama yake inafuata wingi wa vilivyo hai, si wingi wa taka. Taka za MB 100 na taka za MB 900 zinafutwa kwa bei karibu ileile ikiwa walionusurika ni walewale. Ndiyo maana hipu iliyobanwa mno ni hasara. Mzoa taka analazimika kupita mara nyingi zaidi, na kila anapopita anakuta vitu ambavyo vingekufa vyenyewe baada ya muda mfupi lakini bado viko hai kwa bahati ya wakati. Anavinakili bure, na hatimaye anavipeleka kwa wazee kabla ya umri wao.

Eneo la wazee ni habari nyingine. Huko ndiko kunakokaa dunia yenyewe. Chanki moja ni mraba wa bloku 16 kwa 16, na tangu toleo la 1.18 kimo chake ni bloku 384, yaani nafasi 98,304 katika kila chanki. Chanki ulizopakia zinakaa muda wote uko karibu nazo. Ukisafiri kwa kasi, za nyuma zinageuka taka na za mbele zinaingia, na eneo hilo linajaa takataka nzito. G1, ambaye ndiye mzoa taka wa kawaida wa Java tangu Java 9 ya mwaka 2017, hushughulikia hilo kwa akili: huweka alama kwenye vitu hai huku mchezo ukiendelea, kisha husafisha eneo la wazee vipande vipande, akianza na vile vyenye taka nyingi zaidi. Asipowahi, kwa sababu nafasi imebaki finyu au taka zinakuja kwa kasi kuliko anavyozoa, anaangukia hatua ya mwisho: uzoaji kamili. Kila kitu kinasimama, hipu nzima inakaguliwa na kupangwa upya. Hapo mkwamo unaweza kupimwa kwa sekunde, na mchezaji anadhani mchezo umekufa.

Wale watatu walioongeza RAM

Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Mchezo una GB 1.6 za vitu vilivyo hai kweli na unazalisha MB 200 za taka kwa sekunde. Ndani ya dari ya GB 2, nafasi ya kupumua ni MB 400, kwa hiyo mzoa taka anaitwa kila sekunde mbili, na chanki mpya zikiongezeka kidogo tu anaingia kwenye uzoaji kamili. Weka dari ya GB 4: nafasi inakuwa GB 2.4 na anaitwa kila sekunde 12 hivi, tena bila haraka. Huyu ndiye aliyepona.

Wa pili, asiyeona tofauti, tatizo lake halikuwa kumbukumbu. Kama fremu ni chache muda wote, 25 thabiti bila kuruka, kinachochelewa ni kadi ya picha au uzi wa prosesa unaochora. Kama bloku ulizovunja zinarudi na wanyama wanateleza kinyumenyume, seva ndiyo iliyo nyuma ya mapigo yake au mtandao unasuasua. Hakuna `-Xmx` itakayogusa mambo hayo.

Wa tatu ndiye ninayemhurumia, kwa sababu alifuata ushauri kwa nia njema. Tuseme kompyuta yake ina GB 8 na ameandika `-Xmx6G`. Anadhani amebakiza GB 2 kwa mfumo endeshi. Hakubakiza. Dari ya `-Xmx` inahusu hipu peke yake. Nje ya hipu JVM inahitaji nafasi ya maelezo ya msimbo, ya msimbo uliotafsiriwa kwa prosesa, ya nyuzi zake zote, na ya bafa, yaani maghala ya muda, zinazopeleka data kwenye kadi ya picha. Programu yenye hipu ya GB 6 hupita GB 7 bila shida. Kama kadi ya picha ni ile iliyo ndani ya prosesa, kama ilivyo kwenye kompyuta mpakato nyingi, nayo inakata fungu lake kutoka RAM hiyohiyo. Kivinjari kimefunguliwa. Sasa mfumo endeshi hauna budi kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski.

Programu nyingi huvumilia hilo, kwa sababu sehemu iliyohamishwa huwa haiguswi mara kwa mara. Programu ya Java haivumilii. Mzoa taka anapohesabu vilivyo hai lazima afuate kila kimoja popote kilipo, na kile kilichopelekwa diski lazima kirudishwe kwanza. Kazi ya milisekunde 10 inageuka ya sekunde nzima. Na kwa kuwa dari ni ndefu, JVM itaendelea kupanuka kuielekea: hipu ikiwa na nafasi, taka zinaachwa zirundikane, na mchezo ambao ungetosheka na GB 3 unashikilia 6.

Mara nyingi utasikia hoja hii ikielezwa kwa njia nyingine: kwamba hipu kubwa hurefusha mikwamo kwa sababu kuna eneo kubwa zaidi la kusafisha. Hilo ni kweli kwa uzoaji kamili ukiwa umejaza hipu vitu hai, lakini kwa uzoaji wa kawaida wa G1 si ukubwa wa hipu unaoumiza. Kinachoumiza ni kuinyima kompyuta hewa. Mwenye GB 32 za RAM akimpa Minecraft 8 asizozihitaji hatapata madhara makubwa. Mwenye GB 8 akifanya hivyo ameharibu.

Kuipata namba yako

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ni mali. Cheza nusu saa hivi kwenye dunia yako ya kawaida, kwa umbali wa kuona uliouzoea, na modi zako zote. Safiri kidogo ili chanki zibadilike. Kisha fungua F3 na utazame mstari wa kumbukumbu kwa dakika kadhaa, ukiandika kila mahali unapoangukia baada ya kupanda. Namba ya chini kuliko zote ndiyo iliyo karibu zaidi na ukubwa wa vitu vilivyo hai. Ikiwa inaangukia MB 1,200, dari ya GB 2.5 hadi 3 inakutosha vizuri. Ikiangukia MB 3,000, weka 6. Kanuni yangu ni mara mbili ya sakafu hiyo, au zaidi kidogo kama unasafiri sana kwa mbawa.

Kwa ujumla mchezo usio na modi huridhika kati ya GB 2 na 4, mkusanyiko wa wastani wa modi kati ya 4 na 6, na mikusanyiko mikubwa huomba 8 au hata zaidi. Lakini upande wa pili wa mizani, yaani RAM ya kompyuta yako, una sauti kuliko huu. Kompyuta ya GB 8 isipewe hipu ya zaidi ya 4. Ya GB 4 iishie 1.5 au 2, na mengine yote yatafutwe kwenye umbali wa kuona.

Hapo kwenye umbali wa kuona napenda tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye nafuu kubwa ambayo watu huiruka wakikimbilia vigezo. Umbali wa chanki 8 maana yake ni chanki 8 kila upande pamoja na ile uliyosimama: 17 kwa 17, jumla 289. Ongeza mpaka 16 na jumla inakuwa 1,089. Ongeza mpaka 32 na unapata 4,225. Kuongeza namba maradufu kunazidisha mzigo karibu mara nne, kwenye kumbukumbu, kwenye prosesa na kwenye kadi ya picha kwa mpigo mmoja. Kushuka kutoka 16 hadi 10 kunabakiza chanki 441, chini ya nusu ya zilizokuwepo. Hakuna kigezo cha Java kinachoweza kukupa hicho.

Kama mikwamo inaendelea na unataka kujua kwa hakika ikiwa mzoa taka ndiye mkosaji, kuna njia mbili. Ya haraka, kwenye matoleo ya karibuni, ni kubonyeza F3 pamoja na 2. Inaleta grafu ya muda wa kila fremu. Mstari mrefu ukichomoza wakati uleule kumbukumbu inapoanguka, umempata. Mstari ukichomoza huku kumbukumbu ikiendelea kupanda kwa utulivu, tafuta kwingine.

Ya pili ni ya kuaminika zaidi: ongeza `-Xlog:gc:file=gc.log` kwenye vigezo, cheza, kisha fungua faili hilo ndani ya folda ya mchezo. Kila uzoaji unaacha mstari, na mwishoni mwa mstari kuna kitu cha namna hii:

`1230M->640M(2048M) 8.1ms`

Hipu ilikuwa na MB 1,230, ikabaki na 640, uwezo wake wakati huo ni 2,048, na nyuzi zilisimama kwa milisekunde 8.1. Mistari ya `Pause Young` yenye muda mfupi ni afya. Ukikuta `Pause Full` katikati ya mchezo, hipu yako ni ndogo au kuna modi inayovujisha. Kigezo hiki kinafahamika kuanzia Java 9. Matoleo ya mchezo ya kabla ya 1.17 yaliendeshwa kwa Java 8, na hiyo itakataa kuwaka ukiipa amri isiyoijua. Huko tumia `-verbose:gc`.

Kuandika bila kuvunja kitu

Kwenye kizinduzi rasmi, nenda kwenye orodha ya usakinishaji, chagua toleo unalolicheza, fungua ukurasa wa kulihariri, kisha chaguo za ziada. Chini kabisa kuna kisanduku cha vigezo vya JVM. Tafuta `-Xmx` iliyopo ubadilishe namba yake. Usiongeze ya pili. Ukiacha mbili, inayoshika ni ya mwisho, na utakuja kushangaa kwa nini mabadiliko yako hayaonekani.

Hakuna nafasi kati ya `-Xmx` na namba, na herufi ya mwisho ni lazima. `-Xmx4G` na `-Xmx4096M` ni kitu kimoja. `-Xmx4` ni baiti nne, na JVM itagoma kuwaka. Itagoma pia ukiweka `-Xms` kubwa kuliko `-Xmx`. Kama ujumbe unasema haikuweza kutenga nafasi ya hipu ingawa RAM ipo tele, angalia kama Java uliyonayo ni ya biti 32. Hiyo kwenye Windows hukwama karibu na GB 1.5 hata ufanye nini, na dawa yake ni kusakinisha ya biti 64.

Je, `-Xms` ilingane na `-Xmx`? Kwenye seva, ndiyo, kwa sababu mashine hiyo haina kazi nyingine. Kwenye kompyuta ya kuchezea yenye RAM tele haina ubaya, na inaepusha kazi ya kupanua hipu katikati ya safari. Kwenye RAM finyu iache ndogo. Huenda mchezo usifike darini kabisa, na hakuna haja ya kulipia nafasi ambayo haitatumika.

Ile mistari mirefu

Maarufu kuliko yote ni vigezo vya Aikar, msanidi wa programu za seva za Minecraft, na ni kazi nzuri sana. Ila vilitungwa kwa ajili ya seva. Ndani yake kuna `-XX:MaxGCPauseMillis=200`, inayomwambia G1 kwamba kusimama hadi milisekunde 200 kunavumilika. Seva inavumilia kweli: hayo ni mapigo manne, na ikichelewa huyafidia bila mchezaji kujua. Kwa anayetazama kioo, milisekunde 200 ni fremu 12 zilizopotea. Humo pia kuna `AlwaysPreTouch`, inayogusa kila kona ya hipu mchezo unapowaka ili RAM yote itengwe mapema. Kwenye seva ni busara, kwenye kompyuta ya GB 8 ni kujinyonga.

Vigezo ambavyo kizinduzi chenyewe kimekuwa kikiviweka ni bora kwa mchezaji kuliko anavyodhani. Kimekuwa kikitaja `MaxGCPauseMillis=50` na kukuza eneo la vijana. Usishawishike kuishusha 50 iwe 5. Hilo ni lengo, wala si ahadi. G1 ataitikia kwa kupunguza eneo la vijana ili kila zamu iwe fupi, zamu zitakuwa nyingi, na vitu vitapelekwa kwa wazee kabla ya wakati. Umerudi kwenye hipu finyu kwa mlango wa nyuma.

Kinachohitaji fikra zaidi ni `G1HeapRegionSize=32M`. G1 hukata hipu katika vipande sawa, na kitu chochote kinachofikia nusu ya kipande huchukuliwa kuwa jitu: hakipiti eneo la vijana, hupewa vipande vizima peke yake. Mchezo huu hutengeneza safu kubwa za data, kwa hiyo vipande vikubwa hupunguza majitu. Lakini hipu ya GB 2 ikikatwa kwa MB 32 ina vipande 64 tu, wakati G1 akiachwa hulenga takriban 2,048, na kwa vipande vichache hivyo hana uhuru wa kuchagua pa kusafisha. Kwa hipu ya chini ya GB 4 ningejaribu 8M na kulinganisha faili la `gc.log` kabla na baada.

Ukiona mwongozo unaotaja `UseConcMarkSweepGC` au `MaxPermSize`, ufunge. Ya kwanza iliondolewa kwenye Java 14, ya pili ilikosa kazi tangu Java 8.

Na kuna ZGC, ambaye kwa maoni yangu ndiye mabadiliko makubwa zaidi kwa mchezaji mwenye kompyuta nzuri. Alitangazwa kuwa tayari kwa matumizi kwenye Java 15 mwaka 2020, na kwenye Java 21 ya mwaka 2023 akapewa mgawanyo wa vijana na wazee. Karibu kazi yake yote, hata ya kuhamisha vitu, huifanya huku mchezo ukiendelea, na kusimama kwake hulengwa kuwa chini ya milisekunde moja. Minecraft ilianza kuhitaji Java 21 kwenye toleo la 1.20.5, kwa hiyo ukiwa na Java 21 unaweza kuandika `-XX:+UseZGC -XX:+ZGenerational`. Futa kwanza vigezo vyote vyenye G1, kwani JVM haikubali wazoa taka wawili. Bei yake ni viini vya prosesa, maana anafanya kazi sambamba na mchezo, na hipu kubwa zaidi, kwa sababu hawezi kutumia rejeo zilizobanwa (anwani za vitu zilizofupishwa) ambazo G1 anazitumia kuokoa nafasi. Kwa prosesa ya viini vinane na GB 16 za RAM, mjaribu. Kwa viini viwili na GB 4, baki na G1.

Sakafu inapopanda

Limebaki tatizo moja linalofanana na uhaba wa kumbukumbu bila kuwa huo. Kila siku mchezo unaanza vizuri, baada ya saa moja unaanza kunasa, baada ya saa mbili unaanguka na ujumbe wa `OutOfMemoryError`. Ukitazama F3 utaona kwamba sakafu ya msumeno haikai mahali pamoja: iliangukia MB 1,500, sasa 2,100, sasa 2,800, ingawa uko palepale. Hiyo ni modi inayovujisha, yaani inayoshikilia vitu ambavyo haivihitaji tena, na mzoa taka haruhusiwi kugusa kinachoshikwa. Kuongeza GB kunasogeza tu saa ya kuanguka.

Toka hadi menyu kuu, subiri kidogo, ingia tena dunia ileile. Sakafu isiposhuka, ondoa nusu ya modi zako na upime tena kwenye nakala ya dunia hiyo, kamwe si kwenye dunia yenyewe, kwa sababu bloku za modi iliyoondolewa hupotea. Nusu inayovuja igawanye tena, mpaka ibaki moja. Kisha tazama kama ina toleo jipya lililotengenezwa, na kama halipo, wapelekee waandishi wake faili la `gc.log` pamoja na orodha ya modi ulizokuwa nazo. Kwa hayo mawili wanaweza kuanza kuutafuta uvujaji huo.